Jina la rais kwenye hati ya ardhi si lazima liwe saini yake

Wengi waliorithi au kununua hati za kale za ardhi za Marekani huamini kwamba jina la rais lililo chini ya hati ni saini yake mwenyewe, hivyo mnadani litaleta fedha nyingi. Imani hiyo inaeleweka: ngozi iliyoandikiwa hati ni ya kale kweli, muhuri upo, wino umefifia.

Lakini mwaka 1833 sheria iliruhusu katibu kuandika jina la rais kwa niaba yake, kwa kuwa hati zilikuwa nyingi mno. Kuanzia hapo, saini hizo kwa kawaida ni za makatibu.

Tazama mstari ulio chini ya jina la rais. Ukikuta jina la mtu mwingine na cheo cha katibu, linganisha miandiko: mara nyingi mkono ni mmoja. Hati kama hiyo haijaghushiwa, ni rasmi kabisa, na kwa historia ya familia au eneo ina thamani kubwa. Bei yake tu ndiyo huwa ndogo.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike bayana ni nani aliyesaini, na kama utarudishiwa fedha ikibainika vingine.