Picha ya treni na mashamba: usimame wapi, kibali uombe wapi

Tangu mahindi yaanze kurefuka kando ya njia ya reli huku Lubumbashi, malalamiko ya madereva wa treni yameongezeka: watu wanasimama katikati ya kivuko cha reli, ile pasaji a nivo, simu mkononi, wakingoja kichwa cha treni kijae kwenye kioo. Picha ya treni ikitokeza kwenye shamba bichi ni nzuri kweli, wala hatumkatazi mtu kupenda nchi yake. Tunachokataza ni mahali anaposimama.

Kioo cha simu kinapotosha macho. Lenzi yake inachukua upana mkubwa, hivyo treni iliyo umbali wa mita 200 inaonekana ndogo, kana kwamba bado iko mbali. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, inakula mita 11 kila sekunde. Hizo mita 200 zinaisha kwa sekunde 18 tu. Treni iliyobeba shaba, hata ikifunga breki zote, inahitaji mamia ya mita ili isimame. Dereva akikupigia honi, ujue hana lingine la kukufanyia.

Chuma na chuma za reli vimeachana milimita 1,067, lakini behewa ni pana kuliko hapo, linatokeza karibu mita moja kila upande. Anayesimama pembeni ya chuma yuko kwenye njia ya behewa. Rudi nyuma hatua 15 za mtu mzima.

Kivukoni, tazama chini. Upande wa ndani wa kila chuma kuna mwanya wa vidole vitatu au vinne, na ukingo wa gurudumu unapita humo. Mguu wa stendi ya kamera ukisukumia kokoto ndani, magari yanaishindilia na udongo wa mvua hadi inakuwa ngumu kama saruji. Gurudumu likiikuta linaweza kupanda juu na kutoka njiani. Tafadhali, stendi isiwekwe kivukoni hata dakika moja.

Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, Tenke hadi Kamina, juu ya njia kuna waya wa volti 25,000. Tunachoka kusikia kwamba "usipougusa haudhuru". Umeme wa nguvu hiyo unaruka hewani kabla hujaugusa. Usipande behewa lililosimama, usiinue fimbo ya simu chini ya waya, na waya ulioanguka uhesabu una umeme siku zote. Droni inaombewa kibali chake peke yake. Ruhusa ya kamera haiigusi.

Kuhusu kibali: andika barua kwa Kifaransa kwa shirika la reli, SNCC, hapa Lubumbashi. Taja jina lako, kivuko, tarehe, saa, aina ya kamera na sababu ya picha, kisha ambatanisha kopi ya kadi ya mpiga kura. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa mapokezi, urudi nayo. Muhuri huo si kibali, unaonyesha tu kwamba barua imefika. Ngoja jibu la maandishi. Ukilipa chochote, dai risiti. Siku yenyewe, jitambulishe kwa shefu wa gare, yaani mkuu wa kituo cha treni, na kwa mlinzi wa kivuko kabla ya kutoa kamera. Asiye na karatasi anaweza kupelekwa kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, akaandikiwa PV, yaani hati ya kosa, na simu ikabaki huko kama kielelezo. Kusema "sikujua" hakuirudishi. Daraja, gare na askari usiwapige picha bila ruhusa inayowataja.

Kwa mwanga: njia ya Sakania inaelekea kusini-mashariki, ya Likasi kaskazini-magharibi. Asubuhi simama upande wa kaskazini-mashariki wa njia, jioni vuka uende wa pili, jua likae mgongoni. Januari hadi Machi mahindi ni mabichi na hewa imeoshwa na mvua. Agosti na Septemba moshi wa majani yanayochomwa unafifisha kila kitu. Treni ikipita mbele yako, kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde inatosha.

Hatua 15 zile mara nyingi zinakuingiza shambani. Mtafute mwenye shamba kwanza, umwombe. Pita kwenye mfereji kati ya matuta, usikanyage tuta, wala usivunje bua la mahindi ili upate nafasi ya lenzi. Mama anayepalilia naye aulizwe kabla sura yake haijaingia kwenye picha. Akikataa, geuza kamera.