Uchi wa msanii na macho ya Mwanjelwa

Vijana ninaowafundisha jukwaa hapa Mbeya huniletea video kwenye simu: Mzungu kavua nguo zote katikati ya mji, watu wamemzunguka wanapiga picha. "Mwalimu, na hii nayo ni sanaa?" Mara nyingine ni sanaa, ila si kwa sababu kavua.

Mwaka 1977, kwenye jumba la sanaa mjini Bologna, Italia, wasanii Marina Abramović na Ulay walisimama uchi wa mnyama mlangoni, wakitazamana. Nafasi ilikuwa finyu, kila aingiaye ikambidi apite ubavuubavu na kuamua uso amgeuzie nani. Wao walisimama tu. Aliyetoka jasho ni mgeni mwenye koti lake, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Polisi wakaisimamisha. Iliporudiwa New York mwaka 2010, wasiotaka kupita hapo waliwekewa njia nyingine, na kwangu mimi makali yake yakapungua.

Msanii wa China, Zhang Huan, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994, Beijing, alijipaka asali na mafuta ya samaki, akakaa uchi ndani ya choo cha umma, nzi wakamjaa. Wakazi wa mtaa ule walivitumia vyoo vya namna hiyo kila siku. Alivua ili choo kionekane.

Sasa yalete hayo Mwanjelwa, sokoni kwetu hapa Mbeya, saa ya soko. (Baridi ya Julai tuiache, ingawa peke yake ingemaliza onyesho.) Jumba la sanaa lina mlango, na anayeingia amekubali. Sokoni mama wa ndizi hajakubali lolote, wala mtoto anayetoka shule. Watasema kichaa, atatafutwa mwenye kanga amfunike, kisha polisi. Mimi ningemtazama zaidi huyo mwenye kanga.

Tena kwetu uchi una uzito wa zamani kuliko Bologna. Mwaka 1992, Uhuru Park, Nairobi, akina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, walivamiwa na polisi, na baadhi yao wakavua nguo. Kwa mila za wengi wetu, mwana kuuona uchi wa mama ni laana. Hawakujiita wasanii, wala hawakuhitaji.

Ndiyo maana mazoezi yangu huanza na nguo. Simama Kabwe, hapa hapa mjini, umevaa suti uliyoigeuza ndani nje, kimya, nusu saa. Wanaosema zoezi hilo ni jepesi ndio huomba wavae na miwani ya jua.