Mlima Kenya kwa Wikendi: Kichwa Kikiuma, Usiendelee Kupanda

Vikundi vya kupanda milima vimekuwa vingi hapa Nairobi, na ratiba zao zinafanana: Ijumaa alfajiri mnaondoka mjini kwa matatu ya kukodi, jioni mko kambi ya Old Moses, Jumamosi mnalala kambi ya Shipton's, Jumapili kabla jua halijachomoza mko kilele cha Point Lenana, Jumatatu kazini. Ratiba hiyo inaokoa siku za likizo. Ndiyo pia inayowaletea watu ugonjwa wa mwinuko, unaompata anayepanda juu haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni kidogo. Hata Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe hukaa jikoni muda mrefu kuliko Pwani. Point Lenana ni mita 4,985. Huko unapata zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ya ufuoni.

Mwili hujirekebisha, ila kwa mwendo wake. Kwanza unapumua haraka na moyo unaenda mbio. Figo nazo hubadilisha kemikali za damu kupitia mkojo, ndiyo maana watu huamka usiku kambini kwenda haja ndogo. Hilo lisikutie wasiwasi. Kuongeza chembechembe nyekundu za damu ni kazi ya majuma.

Wengi hujipa moyo kwamba sisi wa Nairobi tumezoea. Tumezoea Nairobi. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na haujali mazoezi: mkimbiaji wa marathoni anaweza kulazwa chini na maumivu huku mwenzake mwenye kitambi akinywa chai. Vijana wenye nguvu hata wamo hatarini zaidi, kwa sababu ndio wanaokimbilia juu.

Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, mara nyingi ndani ya saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Hufuata kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Ukiwa hivyo, baki ulipo. Ikizidi, shuka.

Hatari kubwa ziko mbili. Ubongo ukivimba, mtu huyumba kama mlevi na maneno yake hayaeleweki. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, safari yake ya kupanda imeisha. Mapafu yakijaa maji, anahema hata akiwa ameketi, midomo inageuka samawati, na makohozi huweza kuwa na povu la rangi ya waridi. Wote wawili washushwe mara hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na wasiachwe kushuka peke yao. Oksijeni na dawa husaidia, lakini haziwi badala ya kushuka.

Kinga yenyewe ni muda. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sasa angalia ratiba ile: Old Moses ni mita 3,300, Shipton's 4,200. Usiku mmoja zaidi Old Moses ungewaokoa wengi, ingawa najua waandaaji hawapendi kusikia gharama yake. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini uandikiwe na daktari. Mwenye seli mundu, ugonjwa wa moyo au mapafu, na mjamzito, wamwone daktari kabla hata ya kulipia safari.

Dalili nyingi huisha siku moja au mbili baada ya kushuka. Ukiwa umerudi Nairobi na bado unakohoa au kuhema kwenye ngazi, nenda hospitali, na useme tangu mwanzo kwamba umetoka mlimani na ulilala mita ngapi. Usiposema, huenda ukatibiwa nimonia.