Kijiji cha Uingereza hakikuwahi kusimama
Wazee wengi waliokulia vijijini Uingereza miaka ya 1950 husimulia utoto wao kana kwamba kijiji kilikaa vilevile kwa karne nyingi, hadi kilipoharibiwa na magari na wageni wa mjini. Sivyo. Ile michongoma walikochuma matunda pori, katika sehemu kubwa ya Midlands (eneo la katikati ya Uingereza), ilipandwa hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipoidhinisha kugawanywa kwa mashamba ya pamoja kuwa ya watu binafsi, yaliyozungushiwa ua, na maskini wengi wakapoteza malisho ya ng'ombe wao. Hata kituo cha reli, kinacholiliwa tangu ripoti ya Beeching ya 1963 iliyopendekeza vituo vingi vifungwe, kililetwa na karne ya 19. Kumbukumbu zao ni za kweli, na uchungu wao nauheshimu. Lakini walizaliwa katikati ya mabadiliko, trekta likimwondoa farasi shambani na vibarua wakikimbilia viwandani.