Aubrey Smith hakuzaliwa lodi: uongo na ukweli kuhusu yule mzee wa nyusi nene

Kama umewahi kukaa ukaangalia zile filamu za kizamani, nyeusi na nyeupe, basi huyu mzee umeshamuona hata kama jina lake hulijui. Mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, masharubu makubwa, nyusi nene mpaka zinataka kumfunika macho. Akiingia tu sebuleni unajua huyu ndo mwenye nyumba, mwenye mashamba ya huko nje na pengine mwenye kijiji kizima. Anaitwa C. Aubrey Smith, kazaliwa London 1863 na kafia Beverly Hills 1948, na mimi huyu mzee nampenda sana, ndo maana nikisikia watu wanamuelezea kirahisi rahisi roho inaniuma, so acha leo tuwekane sawa.

"Yule alikuwa lodi kweli, mwinyi wa Kiingereza wa kuzaliwa, alikuwa anajiigiza mwenyewe tu."

Hili ndo linaongoza. Hapana jamani. Baba yake alikuwa daktari. Kasoma shule ya Charterhouse, akaenda chuo cha Cambridge, sawa, hakutokea kwenye njaa, lakini umwinyi wa kurithi hakuwa nao. Watu wanachanganywa na lile "Sir" la mbele ya jina lake, na lile kapewa na mfalme mwaka 1944 akiwa ameshafika miaka 80, yaani mamwinyi wake wote wakubwa kwenye filamu kawaigiza akiwa mista Smith wa kawaida kabisa. Na hata hiyo "Sir" yenyewe si ulodi, hairithishwi, mwenye nayo akifa nayo inaishia hapo hapo, mtoto wake haipati.

Chukua Little Lord Fauntleroy ya 1936. Anaigiza kabaila mzee mwenye roho ngumu anayeletewa mjukuu kutoka Brooklyn ambaye hajawahi kumuona hata siku moja. Mzee ana jongo, mguu unamuuma, kakaa kwenye kiti, halafu muangalie anavyokaa! Hahangaiki. Wengine wote chumbani wanazunguka, wanainama, wanaleta hiki wanapeleka kile, yeye anageuza shingo kidogo tu na zile nyusi zinapanda. Mamlaka yote iko pale kwenye kutojisumbua. Kisha huyu mtoto, Freddie Bartholomew, anamchukulia babu yake kuwa ni mtu mwema tangu mwanzo, wala haoni ukali wowote, na mzee anaanza kulainika kidogo kidogo bila kutaka, uso unapigana na wenyewe, mdomo unataka kucheka macho yanakataa. Kile ni kitu cha kupima na kupanga, sekunde kwa sekunde, na alikuwa na miaka 72. Ukisema "alizaliwa hivyo" unakuwa umemnyang'anya kazi yake yote.

"Alikuwa anaigiza Waingereza tu, na role ni ile ile."

Nimeshabishana na watu sana kwenye hili. Haya tuuchukue mwaka 1934 peke yake: ni Duke wa Wellington kwenye The House of Rothschild, ni prinsi wa Kijerumani baba yake Catherine, yule malkia wa Urusi, kwenye The Scarlet Empress, na ni Enobarbus, askari wa Kirumi, kwenye Cleopatra. Mwaka mmoja! Rudi 1932 kwenye Love Me Tonight, ni duke wa Kifaransa, kasri lake limejaa ndugu waliopooza kwa uvivu, anaingia fundi nguo wa Paris aliyeigizwa na Maurice Chevalier, asubuhi yake mpaka huyu duke mzee mwenyewe anaimba ule wimbo wa Mimi, kwa raha zake, na heshima yake haipungui hata punje. Mwaka huo huo kwenye Trouble in Paradise ni mzee mheshimiwa wa kampuni ambaye kumbe anaiba hela za bosi wake. Halafu 1933 kwenye Queen Christina anageuka kabisa, sasa yeye ndo mtumishi, mzee Aage anayemhudumia malkia Greta Garbo. Mgongo ni ule ule ila sasa umenyooka kwa utii, siyo kwa kuamuru, na tofauti hiyo unaiona bila kuambiwa.

Na wengi wetu huku tulimuona kwa mara ya kwanza bila kujua, kwenye Tarzan ya 1932. Yule baba yake Jane, mfanyabiashara anayetafuta makaburi ya tembo ili apate pembe za ndovu, ni yeye. Filamu yenyewe ilipigwa California, ila zile picha za nyika na wanyama walizochomeka ni mabaki ya Trader Horn, ambayo studio ya MGM waliipiga huku kwetu Afrika Mashariki na Kongo. Kwa hiyo mzee wetu anaangalia nchi ambayo pale alipo haipo. Afrika aliyoifahamu yeye kwa miguu yake ni ya kusini, nakuja huko sasa hivi.

"Hollywood ndo ilimuokota uzeeni."

Hollywood ilimkuta ameshaiva. Jukwaani alianza miaka ya 1890, filamu bubu za Marekani akaanza kuzicheza 1915, na mwaka 1920 huko Uingereza alifanya kazi na kampuni ndogo ya filamu, Minerva, pamoja na mwigizaji Leslie Howard na mwandishi A. A. Milne. Kilichobadilisha mambo ni sauti. Filamu zilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 20, studio zikawa zinatafuta kwa udi na uvumba watu wenye sauti za jukwaani, maana kuna mastaa wa filamu bubu walikuwa wazuri wa sura tu, na huyu mzee sauti yake ilikuwa na miaka karibu 40 ya kufika mpaka kiti cha nyuma bila maikrofoni.

Hadithi ya The Prisoner of Zenda inaonesha vizuri. Aliicheza jukwaani miaka ya 1890, halafu 1937 akaicheza tena kwenye filamu kama Kanali Zapt, mshauri mzee wa mfalme. Inasimuliwa kwamba mwigizaji mwenzake Raymond Massey alimuendea akitaka ushauri jinsi ya kumuigiza Black Michael, yule mbaya wa hadithi, na mzee akamjibu kwamba kwenye mchezo huu ameshacheza kila mtu isipokuwa yule binti mfalme, na huyo Black Michael alimsumbua siku zote.

"Kriketi ilikuwa ya kujifurahisha tu."

Huyu alikuwa nahodha wa England! Machi 1889, Port Elizabeth, Afrika Kusini, kwenye ile mechi iliyokuja kuhesabiwa baadaye kuwa Test, yaani mechi rasmi ya kimataifa, aliongoza timu, zamu ya kwanza akatoa wachezaji 5 kwa kuruhusu mbio 19 tu, na England wakashinda kwa wiketi 8. Hakucheza Test nyingine tena. Alibaki kule kutafuta dhahabu na kuuza hisa Johannesburg, akaugua nimonia mpaka madaktari wakasema ameshafariki, kumbe hai. Waza hapo, filamu zote hizi zisingekuwepo.

Jina lake la utani lilikuwa Round the Corner, maana alikuwa anakuja kurusha mpira kwa kukata kona, mpigaji hajui anatokea wapi. Mwaka 1932 akaanzisha klabu ya kriketi Hollywood, waigizaji Boris Karloff na David Niven walipita pale, na yeye mwenyewe alikuwa uwanjani akiwa babu.

"Kama angekuwa mkali angekuwa stelingi."

Hili silipi muda sana. Stelingi anapendwa akiwa na sura ya miaka 30, ikizeeka wanamtafuta mwingine. Huyu alikuwa anazidi kutafutwa kila nywele inavyozidi kuwa nyeupe.

Filamu yake ya mwisho ni Little Women, ilitoka 1949 akiwa ameshafariki. Ni Mzee Laurence, tajiri jirani ambaye watoto wote wanamuogopa. Anampelekea piano yule binti mwenye haya, Beth, na binti anavuka kwenda kushukuru huku anatetemeka. Angalia pale uso wa yule mzee, masharubu yanacheza kidogo tu. Majivu yake yalirudishwa Uingereza, yakawekwa Hove, huko Sussex alikochezea kriketi.