Plagi ya dhahabu haina besi ndani yake

Jumamosi kaja kijana mmoja na kimfuko mkononi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu."

Akamwaga mezani plagi nane za banana, zile za pini moja nene za kufunga ncha za waya wa spika, njano zinametameta, kila moja imechapwa 24K ubavuni. Anataka nimfungie kwenye waya za spika zake mbili ili besi iongezeke. Nikamwuliza waya uko wapi. Akachomoa kutoka mfuko uleule kamba nyembamba ya rangi nyekundu na nyeusi, ukiishika hivi haina hata uzito. Plagi zilimgharimu karibu mara tatu ya waya.

Sijui ni wa ngapi mwaka huu, niliacha kuhesabu. Basi naandika leo ili wa kesho nimtumie linki tu, mimi niendelee na kazi za watu.

Tuanze na dhahabu maana ndiyo inayonikera. Madini yanayopitisha umeme vizuri, ya kwanza ni fedha, ya pili shaba, dhahabu ni ya tatu. Ya tatu! Chukua waya wa dhahabu tupu na waya wa shaba, unene mmoja, urefu mmoja: wa dhahabu utakuwa na ukinzani karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba. Sasa hiyo besi inatoka wapi? Dhahabu inapakwa kwenye plagi kwa sababu moja tu, haishiki kutu. Ni rangi ya kuzuia kutu, kama unavyopaka geti lako. Hakuna aliyewahi kuniambia geti likipakwa rangi linafunguka kwa kasi.

Na hicho kilichopakwa si kingi. Kwenye plagi za bei ya kawaida ni utando wa sehemu ndogo ya mikroni moja. Unywele wako una mikroni sabini hivi. Ndani ya utando huo kuna shaba njano ya kawaida, ileile iliyo kwenye plagi ya jirani isiyong'aa.

Nilizipima. Kwa mita ya kawaida huwezi, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko plagi. Unapitisha ampea 1 kwenye kiungo halafu unapima milivolti kati ya pande zake mbili. Kila milivolti moja ni miliomu moja ya ukinzani. Plagi ya njano ya yule kijana ilinipa 2. Ya nikeli niliyoitoa kwenye droo, kuukuu, ilinipa 3. Piga hesabu: waya mmoja wa spika una viungo vinne, kwa hiyo tofauti yote ni miliomu 4 mbele ya spika ya omu 8. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia ya desibeli. Mbu akipita mbele ya spika nadhani anazuia zaidi.

Kabla hujaniambia kwamba wewe umesikia tofauti kwa masikio yako: na mimi niliwahi kusikia. Miaka ile naanza ufundi nilitengeneza jozi mbili za waya, moja na plagi za njano, moja na za kawaida, nikaketi nikasikiliza, nikawaeleza watu mle dukani jinsi za njano zilivyo na sauti laini, iliyotulia. Msaidizi wangu, niliyempa kazi ya kubadilisha waya, akaniacha nimalize kuhubiri ndipo akasema, "Bosi, bado sijabadilisha." Tangu siku hiyo siliamini sikio langu likishajua bei.

Lakini kuna mahali dhahabu ina haki yake, na hapa nakiri sina raha sana na msimamo wangu. Nilifunga spika za nje kwenye hoteli moja ya ufukweni Unguja. Upepo wa chumvi usiku na mchana. Niliweka plagi za njano za bei rahisi nikijiona mjanja. Masika yalipokwisha nikarudi: vidoti vya kijani kila mahali. Utando ukiwa mwembamba huwa na vitundu usivyoviona, chumvi inapenya mpaka kwenye shaba ya chini, inakula kutoka ndani. Zile za nikeli upande wa pili wa bwawa zilikuwa zimefifia tu, lakini zinapiga. Dhahabu nene, iliyopakwa juu ya nikeli, ingedumu kuliko zote mbili. Kwa hiyo mtu wa pwani akiniambia anataka dhahabu nzuri kwa ajili ya chumvi, simbishii. Ila hakuna anayekuja na sababu hiyo. Wote wanakuja na besi.

Haya. Plagi inafanya kazi tatu: inaushika waya usilegee, inazuia chanya na hasi zisigusane, na inakataa kuingia kwenye tundu lisilo lake. Sauti haimo kwenye orodha.

Kazi ya kushika ndiyo inayoua waya nyingi zinazoletwa hapa dukani, na lawama ni za mafundi wenyewe, nikiwemo. Wengi tumefundishwa kwamba kabla hujaingiza waya kwenye plagi ya skrubu, lehemu kwanza ncha yake, ipate risasi, iwe ngumu na safi. Inapendeza kweli. Mteja akiona anakuamini. Na ni kosa. Risasi ni laini: ukiikandamiza na skrubu inakubali leo, halafu inatambaa polepole kukwepa ule mkandamizo. Baada ya miezi michache skrubu uliyoikaza kwa nguvu zote inazunguka kwa kucha. Kiungo kinapata joto, sauti inakatikakatika, mwenye mali anasema spika imekufa. Nimeshapokea spika nzima kabisa mara sijui ngapi, kwa sababu ya nusu mzunguko wa bisibisi.

Fanya hivi. Menya milimita 12 hadi 15, kwa kisu kisichokata nyuzi. Ukikata nyuzi tano kati ya thelathini, umenunua waya mnene ukaufanya mwembamba palepale unapohitajika. Sokota nyuzi kufuata msokoto wake wa asili, ingiza zikiwa tupu, kaza, vuta kwa nguvu, kaza tena. Kesho yake kaza mara ya tatu, kwa sababu shaba nayo inajipanga. Ukiweza kupata vile vibomba vidogo vya shaba vilivyopakwa bati, vya kuvisha ncha na kubana kwa koleo lake, hiyo ndiyo safi kabisa. Ukitaka kulehemu, nunua plagi ya kulehemu, yenye kikombe chake, usiichanganye na ya skrubu. Na tazama skrubu yenyewe: ile inayochimba moja kwa moja kwenye nyuzi kwa ncha kali inazikata; tafuta ya kubana kwa bapa, au yenye skrubu mbili.

Kwenye Speakon, ile plagi ya spika kubwa inayojifunga ukiizungusha, nimebadili mawazo mara mbili. Zamani nilizilehemu zote, maana mtikisiko wa kwenye gari unalegeza skrubu. Halafu nikaona waya zinakatika pale risasi inapoishia kupanda, kwa sababu hapo waya unageuka ghafla kutoka mgumu kuwa laini. Nikahamia skrubu. Sasa nakaza skrubu na kuzikagua kila baada ya kazi kadhaa, na siwezi kukuapia kuwa ndiyo njia bora.

Kuhusu tundu lisilo lake, watu hucheka mpaka waone moshi. Banana ina unene wa milimita 4, na ziko za pacha zenye nafasi ya milimita 19 kati ya pini na pini. Sasa chukua plagi ndogo ya umeme ya pini mbili za mviringo, ile ya chaja za Ulaya: pini za milimita 4, nafasi kama 19. Umeelewa? Ndiyo maana ukinunua amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya unakuta terminali zimezibwa na vizibo vya plastiki, ambavyo wote tunavichokoa kwa kisu siku ya kwanza. Utasema soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu, yana vifuniko ndani. Sawa. Na nani nyumbani kwako hajawahi kuchomeka kalamu tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie? Na zile ekstensheni zinazopokea kila aina ya plagi je? Spika kwenye volti 230 inalia mara moja tu. Mtoto aliyeshika ncha ya pili ya waya sitaki hata kumfikiria. Penye watoto na ekstensheni za aina hiyo, menya waya ufunge mtupu kwenye terminali, ukaze, uache. Kwa umeme, waya mtupu uliokazwa vizuri haushindwi na plagi yoyote, maana umepunguza kiungo kizima. Banana ni kwa anayechomeka na kuchomoa kila wiki.

Ila waya mtupu una ugonjwa wake: uzi mmoja ukitoroka. Harusi moja Mbagala, kazi yangu mwenyewe, haraka haraka, uzi mmoja mwembamba wa chanya ukagusa hasi. Amplifaya ikajifunga kujilinda sekunde ambayo bibi harusi anaingia mlangoni. MC akaimba kwa mdomo, akina mama wakamwokoa kwa vigelegele. Mimi niko chini ya meza na tochi ya simu.

Ndiyo maana kwenye mitambo ya kukodi sina mjadala: Speakon, basi. Kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein iliibuni kwa ajili ya spika peke yake. Unaingiza, unazungusha, inajifunga. Hata mtu akijikwaa haichomoki. Vyuma vyake huvigusi kwa kidole, na hilo si anasa, kwa sababu wati 1,000 kwenye spika ya omu 8 ni karibu volti 90. Hizo zinatikisa mtu. Chanya kwenye 1+, hasi kwenye 1−, jozi ya pili iache tupu mpaka ujue kwa nini unaihitaji. Ukinunua, shika mkononi kwanza: za bandia zina kifungio kinachocheza.

Jeki ya milimita 6.35 kwenye spika naichukia. Ilizaliwa kwenye vituo vya simu karne ya 19, ikafanya kazi yake vizuri, ikaletwa kwenye magita, nako sina neno. Lakini ukiichomeka wakati amplifaya inapiga, ncha yake inapita mahali inapogusanisha chanya na hasi, kwa hiyo kila ukichomeka unapiga shoti kidogo. Amplifaya ya kisasa inavumilia, ya zamani inakufa. Halafu eneo linalogusana ni kipunje, nawe unapitisha ampea 15. Na siku moja kijana wako atachukua waya wa gita, mwembamba, wenye wavu wa kinga, afungie spika, kwa sababu plagi inafanana. Waya ule unaungua kimyakimya.

Sabufa za nyumbani zenye RCA nyekundu na nyeupe za kupeleka kwenye spika ndogo, ziache zilivyo. Ukikata ili urefushe waya, usiunganishe hasi za spika mbili pamoja kuokoa uzi mmoja: kwenye baadhi ya amplifaya ile hasi si ardhi, nayo inasukuma umeme.

Turudi kwa kijana wangu. Nilikwangua ule waya wake kwa wembe: juu wekundu wa shaba, chini mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. (Waya uliopakwa bati nao ni mweupe, ila huo ukikwangua unakuta wekundu ndani. Huo ni mzuri, mtu wa pwani autafute.) Unene ni kama milimita za mraba 0.5, urefu mita 8, kwenda na kurudi 16. Nikapima: omu 0.9. Spika yake ni ya omu 4. Yaani karibu sehemu moja ya tano ya nguvu inaishia kuupasha waya moto njiani. Na alumini chini ya skrubu inatambaa vilevile kama risasi.

Nikamtuma akanunue waya wa shaba wa 2.5, urefu uleule. Huo unatoa kama omu 0.12. Akarudi nao baada ya nusu saa, kaununua, lakini plagi zake za njano kazing'ang'ania mkononi. "Fundi, hizi tufunge tu, si nimeshanunua." Pesa ni yake. Nikazifunga, skrubu mbili mbili, nyuzi tupu bila risasi, nikavuta kila moja.

Jioni akanipigia simu. Besi imekuja, anasema, mpaka vyombo kabatini vinacheza. "Nilikwambia fundi, dhahabu ni dhahabu. Kuna jamaa zangu wawili nawaleta Jumatatu."