Je, Kuna Chumba cha Kuzima Uvutano wa Dunia?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Wamarekani wana chumba kule Houston ambamo, ukibonyeza swichi, uvutano wa dunia unazimika na wanaanga wanaanza kuelea. Hakipo. Nilichokuwa nikikiona pichani ni bwawa: urefu mita 62, upana 31, kina 12, na mfano wa kituo cha anga za juu umezamishwa ndani.

Kosa langu lilikuwa na mzizi mrefu zaidi. Nilidhani hata huko juu uvutano umekwisha. Kumbe kilomita 400 kutoka ardhini, kinakozungukia kituo hicho, umebaki takriban asilimia 90. Watu wanaelea kwa kuwa kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja bila kukoma, vikiikosa dunia kila mara. Ndege maalumu hupanda na kushuka kwa upinde ili kuleta hali hiyohiyo, ila kwa sekunde 20 na ushei tu. Hatua ya jaribio inayodai dakika nzima itabidi ikatwe vipande.

Sasa maji ya nini, kama hayaondoi uvutano? Ndani yake mwanaanga anaelea, hivyo anajizoeza kufanya kazi bila sakafu ya kujikazia. Keti kwenye kiti cha ofisini cha kuzunguka, inua miguu, kisha jaribu kukaza skrubu iliyo ukutani. Skrubu inagoma, unayezunguka ni wewe. Ukishika meza kwa mkono wa kushoto utafaulu, lakini sasa una mkono mmoja. Basi kifuniko cha kufunguliwa kwa mikono miwili, ambacho mezani hakina tabu yoyote, kinaweza kukwamisha jaribio la mamilioni ya dola.

Juni 1966, mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A pasipo mahali pa maana pa kujishikiza. Baada ya saa 2 hivi za kuhangaika, kioo cha kofia kikiwa kimejaa ukungu, kazi kuu ikaachwa. Novemba, Buzz Aldrin wa Gemini 12, aliyekwisha kufanya mazoezi majini, alichomeka miguu kwenye vishikizo vilivyopewa jina la ndara za dhahabu, akakaza na kulegeza bolti zake bila papara.

Maji nayo huongopa. Ukiacha kujisukuma yanakusimamisha. Angani unaendelea mpaka ugonge kitu. Mwanaanga akipinduliwa bwawani, damu inamshukia kichwani na mabega yanamwelemea ndani ya suti. Na bisibisi ikimponyoka, inazama chini, mzamiaji anaiokota na kumrudishia.